Kupima Motokaa ya Haibridi Iliyokwisha Tumika: Petroli, Starehe na Usalama katika Barabara za Tabora

Mji wa Tabora, ulioko kwenye uwanda wa juu wa Unyamwezi, umekuwa njia panda ya wasafiri kwa zaidi ya miaka 150. Richard Burton na John Speke walipofika hapo mwaka 1857, mahali hapo pakiitwa Kazeh, walikuta kituo kikubwa cha biashara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mizigo mingi ilichukuliwa kwa mabega ya watu. Mpagazi mmoja alibeba kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Msafara haukuondoka kabla mizigo haijapimwa na kabla haijajulikana maji yatapatikana wapi, kwa sababu kosa dogo la hesabu mwanzoni lilikuwa msiba mkubwa porini.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi ikafifia. Siku hizi mizigo na abiria husafiri kwa gari moshi, mabasi na motokaa, nyingi zikiwa zimekwisha tumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Miongoni mwa hizo zimo motokaa ndogo zenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na zinazoendeshwa kwa nguvu mbili, petroli na umeme. Motokaa za namna hiyo huitwa za haibridi. Mojawapo ni Toyota Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, miaka 14 baada ya Toyota Prius ya kwanza ya mwaka 1997.

Mwalimu au mkulima wa tumbaku anayenunua motokaa kama hiyo kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa hutoa akiba ya miaka kadhaa. Huambiwa kwamba "haili mafuta". Je, maneno hayo ni ya kweli, na ni ya kweli kwa kiasi gani? Jibu haliwezi kupatikana kwa kusikiliza sifa. Hupatikana kwa kupima, na vipimo vinavyohitajika havizidi fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule ya sekondari.

Nguvu mbili katika chombo kimoja

Aqua ya toleo la kwanza ina injini ya petroli ya lita 1.5 na mota ya umeme. Vitu hivi viwili, pamoja na jenereta, vimeunganishwa kwa gia za sayari: gia moja katikati, gia ndogo zikiizunguka, na duara la meno likizifunika zote. Kwa mpango huo magurudumu yanaweza kusukumwa na mota peke yake, au na injini na mota kwa pamoja, na sehemu ya nguvu ya injini inaweza kupelekwa kwenye jenereta ili kuzalisha umeme.

Faida ya kwanza ni kwamba injini huzimika motokaa inaposimama au inapokwenda polepole. Injini ya kawaida huendelea kunywa petroli hata ikisimama mbele ya kivuko cha reli.

Faida ya pili ni mwendo wa injini yenyewe. Injini hii hufuata mzunguko wa Atkinson, uitwao kwa jina la Mwingereza James Atkinson aliyeubuni mwaka 1882. Katika injini za leo za aina hiyo, vali ya kuingizia hewa huchelewa kufungwa, hivyo gesi iliyoungua hupata nafasi ndefu ya kutanuka kuliko ile iliyotumika kuikandamiza. Nishati nyingi zaidi hugeuzwa kuwa kazi, lakini injini hupungukiwa na nguvu katika mwendo mdogo. Upungufu huo hujazwa na mota.

Faida ya tatu ni breki. Katika motokaa ya kawaida, nishati mwendo yote hugeuka kuwa joto kwenye breki na kupotea hewani. Katika haibridi, mota hugeuzwa kuwa jenereta; magurudumu huizungusha, na sehemu ya nishati hurudi katika betri.

Ni lazima hapa kuondoa kosa moja linalosikika mara kwa mara. Motokaa hii haichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Kila juli ya umeme iliyomo katika betri yake imetoka katika petroli. Isitoshe, betri yenyewe ni ndogo. Ina volti 144 na saa-ampea 6.5, yaani nishati ipatayo megajuli 3.4 ikijaa kabisa. Lita moja tu ya petroli ina megajuli 32 hivi. Kwa hiyo betri nzima ni sawa na sehemu moja ya kumi ya lita. Betri hiyo si ghala la safari. Ni kibakuli cha kukingia nishati ambayo ingemwagika.

Mahali ambapo petroli huokolewa

Chukua motokaa yenye tungamo la kilo 1,200 pamoja na watu wake, ikienda kilomita 60 kwa saa, yaani meta 16.7 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, nayo ni kilojuli 167 hivi. Dereva akisimama, na nusu ya nishati hiyo ikirudi na kutumika tena, zimeokolewa kilojuli 83. Ikiwa injini hugeuza robo ya nishati ya petroli kuwa kazi, lita moja hutoa megajuli 8 za kazi. Basi kila kusimama kumeokoa sehemu moja ya mia ya lita. Kusimama mara 100 kunaokoa lita moja.

Hesabu hii fupi inaeleza jambo kubwa. Dereva anayezunguka mjini, kutoka sokoni hadi stesheni na kutoka stesheni hadi shuleni, husimama mara nyingi, na haibridi humfaa sana. Anayetoka Tabora kwenda Nzega, mwendo wa kilomita 115 hivi za lami, huenda akasimama mara chache tu. Njiani adui yake si breki bali hewa. Kani ya ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kani hiyo huongezeka kwa asilimia 56. Hakuna mota wala betri inayoweza kurudisha nishati iliyotumika kuisukuma hewa. Dawa yake ni kupunguza mwendo.

Mwinuko wa Tabora nao una sehemu yake. Mji uko meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko Dar es Salaam. Injini isiyosukumiwa hewa kwa mtambo hupungukiwa na nguvu yake ya juu kabisa kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mota ya umeme haihitaji hewa, hivyo nguvu yake haipungui. Vilevile hewa nyepesi huikinza motokaa kidogo zaidi. Kwa hiyo mwinuko huonekana zaidi wakati wa kupita lori kuliko katika hesabu ya petroli.

Kwa nini vitabu havikubaliani

Mwaka 2011 Aqua ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 35.4 kwa lita. Mwaka 2012 motokaa hiyo hiyo, ikiitwa Prius c, ilipimwa kwa utaratibu wa Marekani, nayo ikapewa maili 53 kwa galoni mjini, 46 katika barabara kuu, na 50 kwa wastani. Maili 50 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 21 hivi kwa lita. Tofauti ni kubwa mno, lakini hakuna aliyesema uongo. Kila nchi ina jaribio lake la maabara, lenye mwendo wake, idadi yake ya kusimama, na kanuni zake kuhusu joto na kipoza hewa. Kipimo kisichotajwa pamoja na namna kilivyopatikana hakina maana kamili. Somo hilo ni la kila mwanasayansi, si la mnunuzi wa motokaa peke yake.

Msomaji aangalie pia kwamba tarakimu ya mjini imezidi ile ya barabara kuu. Katika motokaa ya kawaida mambo huwa kinyume. Hesabu ya kusimama iliyotolewa hapo juu ndiyo sababu.

Njia ya kuaminika ni ya kujaza hadi juu mara mbili. Tangi hujazwa mpaka pampu ijikate yenyewe, na kilomita huandikwa. Motokaa huendeshwa Tabora hadi Nzega na kurudi, kisha hujazwa tena kwenye pampu ile ile kwa namna ile ile. Kama imekwenda kilomita 230 na kupokea lita 11.5, imekwenda kilomita 20 kwa kila lita. Kwenda na kurudi huondoa athari ya upepo na ya mteremko. Safari fupi ya kilomita 10 haifai, kwa sababu kosa la nusu lita katika kujaza huharibu hesabu yote. Tarakimu inayoonyeshwa na kioo cha motokaa isaidie tu. Isichukuliwe kuwa ushahidi.

Betri: msafara wa seli 120

Betri kubwa ya Aqua ya toleo la kwanza ni ya nikeli na haidraidi ya metali, nayo iko chini ya kiti cha nyuma. Ina seli 120, kila moja ya volti 1.2, zilizofungwa sita sita katika vifungu 20. Zote zimeungwa kwa mfuatano, hivyo mkondo mmoja hupita katika zote. Msafara wa zamani ulikwenda kwa mwendo wa mpagazi aliyechoka kuliko wote, na betri hii ni hivyo hivyo: kifungu kimoja kikidhoofu, chote kilichobaki hufungwa na udhaifu huo.

Joto ndilo linalozeesha seli upesi. Betri hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya motokaa, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Katika majira ya kiangazi, tangu Mei hadi Oktoba, vumbi la njia za changarawe huingia na kuziba chujio na feni. Abiria nao huweka mikoba na magunia juu ya tundu bila kujua kazi yake. Mnunuzi aangalie tundu hilo kwanza. Kulisafisha ni kazi ndogo, ilhali betri iliyopikwa kwa miaka mitatu haiponyeki kwa ufagio.

Jaribio la betri lifanywe baada ya safari ya nusu saa, si motokaa ikiwa baridi. Fundi huunganisha chombo cha kusomea kompyuta ya motokaa na kuangalia volti ya kila fungu wakati wa kuongeza mwendo na wakati wa kufunga breki. Mafungu yote yakipanda na kushuka pamoja, ni dalili njema. Moja likishuka sana kuliko wenzake, hilo ndilo limechoka. Dalili nyingine ni kipimo cha chaji kinachojaa na kuisha upesi mno, feni inayovuma bila kukoma, na injini isiyozimika hata motokaa ikiwa imesimama.

Ipo pia betri ya pili, ndogo, ya volti 12. Ikifa, motokaa haiwaki ingawa betri kubwa ni nzima. Wengi wamedhani betri kubwa imekufa, kumbe ni hii ndogo, ambayo bei yake ni ndogo zaidi.

Starehe si anasa

Dereva aliyechoka huona kwa kuchelewa na hufunga breki kwa kuchelewa. Kwa sababu hiyo starehe ni sehemu ya usalama.

Katika mji na kwenye lami, haibridi ndogo ni tulivu. Kipoza hewa chake huendeshwa kwa umeme, hivyo hufanya kazi hata injini ikiwa imezimika, jambo linalofaa katika joto la Oktoba. Lakini upande wa chini wa motokaa uko milimeta 140 tu kutoka ardhini, tena ikiwa haina mzigo. Watu watano wakiketi na magunia yakiwekwa nyuma, springi hubonyea na nafasi hiyo hupungua. Katika njia ya changarawe yenye mgongo katikati, au kwenye kivuko cha kijito wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, tumbo la motokaa litakwaruza.

Wauzaji wengine huinua motokaa kwa kuweka vipande chini ya springi. Jambo hilo huongeza nafasi, lakini huinua pia kitovu cha uzito na kubadili pembe za magurudumu na ekseli. Tairi zikiliwa upande mmoja, sababu huenda ikawa hiyo.

Jaribio la starehe lifanywe kwenye njia mbovu, si mbele ya duka la muuzaji. Motokaa iendeshwe kilomita kadhaa kwenye changarawe yenye mawimbi, madirisha yakiwa yamefungwa. Mgongano wa chuma chini ya sakafu huonyesha shokomzoba au mipira iliyochoka. Kisha kila kona ya motokaa ikandamizwe kwa nguvu na kuachwa: ikirudi na kutulia, shokomzoba ni nzima, ikiendelea kucheza juu na chini, imekwisha.

Usalama: mambo yasiyosamehe

Kwanza, tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi nzee yaweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake ukawa umekauka na kupasuka ukiwa njiani.

Pili, nafasi ya kusimama. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anayechelewa sekunde moja kukanyaga breki huwa amekwenda meta 22 tayari. Kwenye lami kavu yenye kizio cha msuguano cha 0.7, breki zitahitaji meta 36 zaidi; jumla ni meta 58. Lami ikiwa na maji na kizio kikashuka hadi 0.4, jumla hufika meta 85. Breki za haibridi zina tabia yake. Kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi, vitambaa vya breki hudumu muda mrefu, lakini sahani zake zaweza kushika kutu kwa kutotumiwa. Magurudumu yafunguliwe na kuangaliwa.

Tatu, mikanda na mifuko ya hewa. Taa ya mfuko wa hewa iwake ufunguo unapowashwa, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa makusudi ili kuficha kwamba mifuko imekwisha kulipuka katika ajali. Mikanda ya nyuma nayo ijaribiwe. Mtoto wa kilo 30 katika motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, ikisimamishwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, husukumwa mbele kwa kani ya nyutoni 4,170 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 425, au mizigo 13 ya wapagazi kwa mara moja. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuuzuia.

Nne, umeme mkali. Inveta ya motokaa hii huweza kupandisha volti hadi zipatazo 500, kiasi kinachoua. Nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili zitambulike. Fundi asiyefunzwa, asiye na glavu za kuzuia umeme, asiziguse. Hata baada ya betri kutengwa, kapasita hubaki na chaji kwa dakika kadhaa.

Tano, ukimya. Motokaa ikienda kwa mota peke yake, mwenye baiskeli aliye mbele huenda asiisikie. Katika mji wenye baiskeli nyingi kama Tabora, dereva ndiye anayepaswa kuwaonea wengine.

Hesabu ya mwisho

Baada ya majaribio yote hubaki swali la fedha. Tuseme motokaa ya kawaida inakwenda kilomita 14 kwa lita na haibridi kilomita 20. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, ya kwanza hutumia lita 1,071 na ya pili lita 750. Zimeokolewa lita 321. Ili kurahisisha hesabu, lita iwe shilingi 3,000 na betri mpya shilingi 3,000,000. Akiba ya mwaka ni shilingi 963,000, na bei ya betri hurudi kwa miaka mitatu hivi.

Lakini mwenye motokaa akienda kilomita 5,000 tu kwa mwaka, itamchukua zaidi ya miaka tisa. Na kama safari zake zote ni za barabara kuu, ambako motokaa ya kawaida nayo huenda ikafika kilomita 17 kwa lita, akiba hushuka hadi lita 132 kwa mwaka, na betri hurudisha bei yake baada ya miaka saba na nusu. Motokaa ni ile ile; kilichobadilika ni safari.

Kwa hiyo haibridi ndogo iliyokwisha tumika yaweza kuwa ununuzi wa busara kwa mtu anayezunguka sana mjini, anayekwenda kwenye lami, na aliyeithibitisha betri kwa chombo. Kwa anayeishi mbali na lami, mwenye mizigo mizito na safari chache, akiba ya petroli inaweza kumezwa na betri, na pia na mawe ya njiani. Sifa za muuzaji hazibadili matokeo hayo, wala hofu za jirani.

Maswali ya kujaribu

1. Kokotoa nishati mwendo ya motokaa ya kilo 1,200 ikienda kilomita 30 kwa saa. Ni sehemu gani ya ile ya kilomita 60 kwa saa? Eleza sababu.

2. Kwa kizio cha msuguano cha 0.7, tafuta umbali wa kusimama kwa kilomita 50 na kwa kilomita 100 kwa saa, pamoja na sekunde moja ya kuchelewa.

3. Uliza bei ya petroli ya leo katika mji wako na kilomita ambazo mwenye motokaa mmoja huenda kwa mwaka. Rudia hesabu ya mwisho kwa tarakimu hizo, kisha toa uamuzi wako.